Ndiyo Niliyoitoa Lubarika

Jumatatu, tarehe 7, mwezi wa nane

Nimepata kiti! Sikukipata kwa haki, lakini nimekipata.

Jumamosi familia inapeleka dote, yaani mahari, ya kaka yangu Frédéric huko Lubarika. Anamuoa Irankunda, binti wa Mzee Hatungimana, mkulima wa mpunga. Gari la kukodi ni moja, na Mama amesema wazi kwamba atapanda mwenye kazi peke yake. Baba Mkubwa Léopold ana kazi: ni porte-parole wetu, ndiye anayesema mbele ya wakwe tangu mimi sijazaliwa. Shangazi Geneviève atabeba vikwembe, vitenge vya zawadi. Vainqueur, mtoto wake, atapiga picha, eti kwa sababu simu yake haina ufa. Na mimi, Térence? Nilipewa kubaki nyumbani Kimanga, hapa Uvira, kulinda kuku.

Kuku! Nina miaka kumi na saba. Nasoma pédagogie mwaka wa tano, niwe mwalimu. Naandika Kifaransa bila kosa na Kiswahili bila aibu. Kasoro yangu ni moja tu: mbele ya watu zaidi ya watatu sauti yangu inaingia tumboni na haitoki. Mwalimu akiniita ubaoni darasa zima linateseka pamoja nami. Tena sijawahi kupita Kiliba. Vainqueur amefika mpaka Kamanyola na anataja Kamanyola kila siku, hata akiomba chumvi.

Kwa hiyo jioni nilimfuata Baba Mkubwa akiwa peke yake. Nikamwambia kwamba siku hizi porte-parole mkubwa hasemi ovyo. Ana hotuba iliyoandikwa kwa lugha mbili, na ana secrétaire wa kukaa nyuma yake kumkumbusha. Baba Mkubwa akashika tumbo, akafikiri. Akamwita Mama. Akasema, "Huyu mutoto iko na akili, tunaenda naye."

Vainqueur akauliza secrétaire wa nini, wa kuku? Nikacheka kwa midomo tu.

Kuku watalindwa na jirani. Nawasikitikia kidogo.

Jumanne, tarehe 8

Hotuba imekwisha. Nisiposifu mimi nani atasifu? Ni nzuri.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya kukataa. Huko kwa wakwe bibi harusi anafichwa. Kwanza wanaleta wanawake wengine mmoja mmoja, wamefunikwa kikwembe kutoka kichwani mpaka miguuni. Porte-parole anafunua, anatazama, halafu anakataa kwa kejeli. Kadiri kejeli inavyouma ndivyo watu wanavyofurahi. Aliyekataliwa anajibu naye kwa kejeli yake, anapewa soda, anarudi jikoni akicheka kuliko wote. Bila mchezo huo sherehe haina ladha. Porte-parole anayekataa vibaya husemwa miaka.

Nimeandika kejeli za kila aina. Wakileta bibi kizee: "Sisi tumekuja kuchuma ua, nyinyi mnatupa shamba zima." Wakileta msichana mrefu kama nguzo: "Hili si ua, hii ni poteau ya umeme. Mrudisheni barabarani, Lubarika isikose courant!" Baba Mkubwa alicheka mpaka akakohoa. Akakohoa sana. Nikaingiwa na wasiwasi juu ya koo lake.

Nikampa ushauri. Nilisoma katika kitabu cha Kifaransa kwamba kulikuwa na msemaji mmoja wa zamani aliyejizoeza sauti mbele ya mawimbi. Sisi tuna ziwa mlangoni. Aende pwani, apige hotuba kwa nguvu mpaka ashinde mawimbi. Na atafune tangawizi mbichi, inafungua koo.

Baba Mkubwa alinishukuru. Alisema laiti angekuwa na mtoto kama mimi. Watoto wake walikuwepo wakisikiliza.

Alhamisi, tarehe 10

Msiba.

Baba Mkubwa amepiga kelele ziwani kuanzia juzi. Jana wavuvi waliacha kukunja nyavu wakamuuliza nani amekufa. Alijaza tangawizi shavuni kama mtoto na pipi. Leo asubuhi ameamka, amefungua mdomo, na kilichotoka ni mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta. Kisha hata huo ukaisha.

Mama akampa maji moto na asali. Akauliza nani alimtuma akagombane na ziwa. Baba Mkubwa hakuweza kusema. Lakini kidole alikuwa nacho! Akakinyoosha. Nikageuka nyuma kutazama aliyeelekezewa. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Tukakaa kikao. Dote haisogezwi, wakwe wameshachinja. Vainqueur akasimama. Akasema kwa unyenyekevu wa uongo kwamba familia ikimtaka, yeye yuko tayari. Ana sauti, lazima nikubali. Anauza vifuniko vya simu barabarani na anasikika mpaka sokoni. Shangazi Geneviève akasema mwanawe alizaliwa akipiga kelele hivyo hivyo. Vichwa vyote vikaanza kukubali. Vainqueur akaomba apewe hotuba aisome.

Hapo nikasikia mtu anasema, "Minye ndiye niliandika. Ninaijua yote kwa kichwa. Nitasema minye."

Nikatafuta ni nani. Ilikuwa sauti yangu.

Kwa nini? Sijui. Najua. Sikuweza kuvumilia maneno yangu yatoke katika mdomo wa Vainqueur. Ni hilo tu. Kwa wivu mdogo kama punje nimeingia katika shimo kubwa kama bandari ya Kalundu.

Frédéric akaja akanishika mabega. Mikono yake inanuka mafuta ya injini za mitumbwi siku zote, hata Jumapili. Alisema, "Mdogo wangu, nimemungoja Irankunda sana. Usiniangushe." Kaka yangu hajawahi kuniomba kitu chochote. Hata maji ya kunywa anachota mwenyewe.

Ninajuta tayari, na bado sijafungua mdomo.

Ijumaa, tarehe 11

Tumelala Sange kwa mama mmoja wa kwaya anayefahamiana na Mama. Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia.

Safari yenyewe ningeifurahia kama ningekuwa mtu mwingine. Sikujua nchi inaweza kulala sawasawa namna ile. Kwetu Uvira mlima umekuegemea mgongoni na ziwa limekushika magoti, huna pa kukimbilia. Baada ya Kiliba mlima unasogea kando kama mtu anayekupisha, na bonde la Ruzizi linafunguka lote, mpunga na mihogo, na milima ya Burundi mbali upande wa pili. Vumbi lilitupaka wote rangi moja. Mama alifanana na Shangazi. Vainqueur alijipiga video njia nzima akiwaeleza watu tunapopita, kana kwamba barabara ni ya baba yake. Baba Mkubwa alikaa mbele na Kizito dereva, amefungwa kitambaa shingoni, anatikisa kichwa kwa huzuni kila tukipita kanisa.

Mimi nilikuwa nawaza jembe.

Kati ya zawadi kuna jembe jipya, mpini umefungwa utepe mwekundu. Bila jembe wakwe wa bonde hawafungui mlango. Mzee Hatungimana alilitaja kuliko mbuzi, kuliko vikwembe, kuliko yote. Sasa, jembe likipotea, dote inasogea wiki moja. Katika wiki moja koo la Baba Mkubwa linapona. Nani anaumia? Hakuna!

Tulipofika Runingu, Kizito alisimama kutia radiateur maji. Watu wakashuka kunyoosha miguu. Nikachomoa jembe chini ya mizigo, nikalitembeza kwa ubavu kama mtu anayekwenda haja, nikalilaza nyuma ya mihogo iliyoanikwa kando ya barabara. Nikarudi. Nikapanda. Moyo ukaimba mpaka Sange.

Tulipofika, kabla ya kushusha mizigo, pikipiki ikaja inapiga honi bila kupumzika. Nyuma kapanda mama wa Runingu, jembe begani, utepe unapepea. Ametufukuza njia yote! Alisema alipoona utepe alijua mara moja kwamba kuna binti anaolewa, akaacha mihogo yake. Alisema alimuona "kale kakijana kembamba" akiliweka chini pole pole. Akadhani limemlemea.

Mama akambariki. Shangazi akamjazia ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye kikapu. Vainqueur akapiga picha. Kizito akanitazama kwenye kioo chake, akaanza kupiga mluzi.

Mama alichukua jembe, akalilaza kitandani mwake. Bora angenipiga.

Jumamosi, tarehe 12

Nyuma ya ghala la mpunga la Mzee Hatungimana, Lubarika. Hakuna anayenitafuta. Wote wanajua nilipo na hawataki kuniona.

Nieleze kwa utaratibu.

Tulipokewa vizuri. Turubai lilikuwa limefungwa, viti vya kanisa vimeazimwa, kasiksi, pombe ya ndizi, ndani ya vibuyu. Porte-parole wao ni Mzee Sévère, mwanaume mdogo wa macho makali ambaye anatabasamu kabla hujakosea. Akauliza wageni wametoka wapi na wamepotewa na nini. Nikasimama. Nikatazama unyayo wangu, nikasema sentensi ya kwanza. Ikatoka! Ya pili ikatoka. Nilisikia Mama anapumua.

Wakaleta wa kwanza. Nikafunua: nyanya kizee, hana meno, anacheka tayari. Nikasema ile ya shamba zima. Watu wakaanguka! Nyanya akajibu kwamba shamba hili lingenishinda kulima na mikono yangu ile ya kushika kalamu. Soda. Makofi. Hata Baba Mkubwa alitoa mlio. Nikaona maisha yangu yamebadilika.

Wakaleta wa pili. Mrefu. Nikajua mara moja: poteau. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. Nikafunua kikwembe.

Msichana wa rika langu. Ameinamisha uso, amebana midomo, anatazama unyayo wake kama ninavyotazama wangu. Na alikuwa anatetemeka. Mabega yote. Watu wote wanamtazama yeye, kisha mimi, wanangoja nimwite nguzo ya umeme.

Nikajiona mimi. Nikajiona mbele ya ubao, chaki mkononi.

Nikasema, "Ndiyo."

Mzee Sévère akatega sikio. Akauliza nimesema nini. Hapo mtu mwenye akili angesema amekosea. Mimi nilitaka tu iishe. Nikaongeza, "Ndiyo. Ni huyu. Ndiye ua letu."

Wanawake wa nyuma hawakuwa wanaona. Walisikia ndiyo, wakapiga vigelegele. Ngoma ikaingia. Mzee Sévère, mbweha yule, akainua kibuyu akatangaza kwamba porte-parole wa Uvira amesema, na wote wamesikia. Msichana akainua uso akanitazama kwa mshangao. Anaitwa Honorine. Ni binti wa shangazi ya bibi harusi.

Kwanza watu walidhani ni mchezo mpya. Vijana walicheka mpaka wakashikana. Halafu nikaona Mzee Hatungimana hacheki. Kwa sababu nyuma ya mlango Irankunda alikuwa amesimama na shanga zake zote, anangoja kuitwa, na alisikia familia ya mumewe inamchagua binamu yake kwa sauti tamu. Akachungulia kwenye ufa wa mlango amuone Frédéric anavyokataa. Frédéric alikuwa anatabasamu!

Sisi ndivyo tulivyo. Ukoo wetu tukiogopa tunatabasamu. Kwenye mazishi ya Babu tulitia aibu. Lakini Irankunda atajuaje? Alivua shanga, akazituma nje kwenye sahani, na ujumbe kwamba tuondoke na Honorine wetu, njia tunaijua.

Vikwembe vikafungwa upya. Chakula kikafunikwa. Mzee Sévère akaacha kutabasamu, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Akasema kwamba neno la porte-parole haliondolewi na baba, wala na kaka, wala na mzee. Aliyelitoa ndiye atakayelila. Kesho baada ya misa nisimame mbele ya watu wote, na mbuzi mmoja wa radhi, niseme. Irankunda akitoka, vizuri. Asipotoka, tubebe jembe letu.

Frédéric hajanigombeza. Amekaa kwenye tela la trekta anatazama mlango uliofungwa. Nilimpelekea maji. Alisema asante. Najuta mpaka kwenye kucha.

Vainqueur tayari ametuma video kwenye kundi la familia. Kuna mjomba yuko Kalemie ametuma vichwa vinavyocheka, mstari mzima.

Nimefikiria malaria. Nitasema nimeshikwa na malaria.

Jumapili, tarehe 13

Malaria imekataliwa. Mama alinigusa paji la uso, akasema joto hilo ni la haya, inuka.

Mpango wa pili: niliandika maneno kwenye kiganja kwa bic. Misa ilikuwa ndefu. Jasho. Tulipotoka kiganja kilikuwa bluu tupu kama ziwa.

Kwaya nzima ilitufuata na sare zake. Nadhani hata waliokuwa wagonjwa walikuja. Mbuzi alifungwa karibu yangu. Alitafuna utepe wa jembe na hakuna aliyemkataza, wote walikuwa wananitazama mimi.

Mzee Sévère akasema, "Haya mutoto, kula neno lako."

Nikangoja sauti. Nikangoja tena. Hapakuwa na hotuba, si ya Kifaransa wala ya Kiswahili. Basi nikasema kilichokuwepo. Nikasema mimi ni mwoga. Nikasema nilimuona dada yule anatetemeka, na mimi pia hutetemeka, na kwenye kutetemeka kwangu hakuna hata siku moja mtu alisema ndiyo. Kwa hiyo nilimpa ndiyo isiyokuwa yangu. Ilikuwa ya kaka yangu na nikaigawa.

Mlango haukusogea.

Nikasema tabasamu la Frédéric lilikuwa la hofu, muulizeni Mama juu ya mazishi ya Babu. Mama akafunika uso. Nikasema Frédéric hakwenda kwa msichana mwingine hata siku moja, alikuja hapa Jumapili baada ya Jumapili na samaki ndani ya barafu, akarudi ananuka samaki hao wa mikeke mpaka tukamlaza barazani. Bado mlango haukusogea. Nikawa sina kitu kingine. Nikatoa ile ya mwisho, ambayo niliapa sitaitoa.

Nikasema Frédéric hapendi wali.

Watu wa Lubarika, wanaolima mpunga tangu babu zao, wakavuta pumzi kwa pamoja. Nikasema hapendi kabisa. Anasema ni kama kula mvua ya mawe. Lakini kila akija hapa anakula sahani mbili, anasifu, anaongezwa, halafu Uvira Mama anamsonga bugali ili moyo utulie. Amekula wali wenu muda huu wote kwa ajili ya Irankunda. Mtu wa namna hiyo hawezi kutaka mwingine.

Frédéric alinikodolea macho. Akatabasamu! Nikapiga kelele, "Muone! Sasa iko anaogopa!"

Ndani ya nyumba mtu akacheka. Kidogo, kama anayejizuia. Kisha mlango ukafunguka.

Irankunda hakuwa na shanga wala kikwembe cha sherehe. Alikuwa na gauni la nyumbani. Akatembea mpaka kwa Frédéric, akamuuliza mbele ya wote: wali hapendi? Frédéric akasema hapana, hapendi. Irankunda akasema basi atazoea, maana huko Uvira atampikia wali asubuhi na jioni mpaka uzeeni. Vigelegele! Ngoma! Baba Mkubwa akafungua mdomo kushukuru, ukatoka upepo. Mzee Hatungimana akapokea jembe, utepe umeliwa nusu.

Dote imepona. Lakini haikupona yote. Nilipokwenda kumpa Irankunda mkono, aliushika, akasema amemsamehe mume wake. Juu yangu alisema kwamba kila mwanamke wa hapa anakumbuka alivyoitwa siku yake, na yeye atakumbuka kwamba aliitwa wa pili. Hakusema kwa hasira. "Shemeji, ndiyo hivyo," alisema. Akaenda kuvaa shanga.

Hilo sina mbuzi wa kulilipia.

Jumatatu, tarehe 14

Tumerudi Uvira. Kuku mmoja hayupo. Jirani anasema aliondoka mwenyewe.

Jana sikumaliza kuandika. Nilikuwa naona haya hata mbele ya karatasi.

Wakati watu wanakula nilikwenda nyuma ya jiko kumuomba Honorine radhi. Alikuwa anasugua sufuria kubwa kwa majivu. Watu hawakuzidi watatu, alikuwa peke yake, kwa hiyo sauti ilikuwepo. Nikamwambia pole kwa kumtia aibu, niliona alivyoogopa.

Akaacha kusugua. Akauliza nani aliogopa?

Nikasema yeye, alikuwa anatetemeka.

"Weye! Minye nilikuwa ninacheka!"

Chini ya kikwembe alikuwa amesikia nyanya anavyonijibu, akabana kicheko mpaka mbavu zikauma. Ndiyo maana alibana midomo. Ndiyo maana mabega. Tena hakuishia hapo. Alikuwa amengoja siku ile tangu dote ilipotajwa. Anajua ni mrefu, alijua kejeli itakuja upande huo, alikuwa ameshatunga jibu. Jibu kali! Alilijaribu kwa dada zake wote. Huko Lubarika msichana akimjibu vizuri porte-parole wa wageni watu wanalirudia jibu lake hata kwenye harusi za wengine. Na mimi nimemnyang'anya. Nimemhurumia bila kuombwa.

Nikasimama kama mbuzi. Nikauliza jibu lenyewe lilikuwa lipi.

Akasema jibu haliji kabla ya kejeli. Nimkatae kwanza, vizuri, kama nilivyopaswa. Akainuka, akajifunika kitambaa cha sufuria kichwani, akasimama wima. Akangoja.

Poteau ya umeme. Mrudisheni barabarani. Lubarika isikose courant. Niliandika mwenyewe! Nilifungua mdomo. Sufuria ilikuwa inanitazama. Sauti ikashuka, ikapita kifua, ikaingia tumboni, ikafunga mlango.

Alingoja muda mrefu. Kitambaa kilikuwa na masizi, yakamwangukia puani, hakuyafuta. Halafu ndani wakamwita alete sahani. Akavua kitambaa. Hakuwa amekasirika, na hilo linauma zaidi. Akachukua simu yangu, akaandika namba yake. Akasema, "Ukipata sauti, unipigie. Jibu yangu iko hapa, nakuwekea."

Kizito alituendesha hadi Uvira bila kusimama Runingu. Nilitazama kando ya barabara kama nitamuona yule mama. Mihogo ilikuwepo, yeye hakuwepo.

Jumatano, tarehe 16

Kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita nina amani.

Jana nilijaribu kumpigia Honorine. Ikaita. Nikakata. Nikajaribu tena, nikakata kabla haijaita. Leo asubuhi nikaingia chini ya kitanda na simu, giza, hakuna anayeniona, nikasema kejeli yote bila kukosea hata neno. Sikuwa nimepiga. Nilipopiga, akapokea, akasema allô, akasema tena, akasema, "Térence, ninakusikia unapumua." Nikakata. Nikazima simu. Nikaiweka kwenye sufuria nikafunika.

Nikakaa nikafikiri. Nimejifunza nini Lubarika? Nimejifunza mengi. Nimejifunza kwamba kosa lilikuwa moja: mimi naandika vizuri lakini sisemi. Kila mtu afanye kazi yake. Kama Alhamisi ile ningenyamaza, mwenye sauti akasema, mwenye kalamu akaandika, yasingetokea yote haya.

Kwa hiyo nimemuita Vainqueur. Tumepatana. Kesho jioni atampigia Honorine kwa niaba yangu. Atajitambulisha kama porte-parole, atamkatalia kwa kejeli ya poteau kwa lile koo lake la sokoni, atasikiliza jibu, kisha ataniletea. Hakubisha hata kidogo! Aliuliza tu kama dada huyo ni mrefu kweli, na kama anapenda vifuniko vya simu, na akaniomba namba ili asihangaike na simu yangu. Nimempa. Nilimhukumu vibaya kijana huyu.

Nimemwandikia kila kitu. Nimeongeza pia maneno machache matamu ya kumalizia, kwa lugha mbili.

Kitu kimoja tu kilinitia wasiwasi. Alipokuwa anajaribu alikohoa kidogo. Nimemwambia asiogope, dawa ninaijua. Nimempa tangawizi mbichi. Hivi sasa yuko ziwani, namsikia kutoka hapa.